Wimbo Usio na Shahidi

Foleni ya kuku wa pilipili ilikuwa imetoka mlangoni, ikapita chini ya turubai na kuingia kwenye jua kali la Julai, na Harlan Tidwell alikuwa mtu wa kumi na saba. Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, na joto la Nashville lilikuwa lile la kukugandisha shati mgongoni kabla hujafunga gari. Harlan alikuwa na madoa ya rangi nyeupe kwenye viwiko na kwenye nywele, maana siku hizo kilichomlisha ni kupaka nyumba za watu rangi. Alikuwa akiimba chini chini wimbo aliouanza wiki ile, wa mbwa aliyemwibia bwana wake lori.

Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka. Alivaa gauni la jinzi lisilo na mikono na buti nyekundu zilizolika visigino, na nywele zake za rangi ya shaba alikuwa amezifunga fundo akalichoma penseli katikati.

"Samahani, kaka," akasema. "Huyo mbwa wako ana kasoro."

"Kasoro gani tena?"

"Unatuambia mapema mno kwamba ndiye anaendesha lori. Sasa kibwagizo kitabaki na nini? Uhondo wote umeumwaga mlangoni."

"Kwani we ni polisi wa nyimbo?"

"Mie mwandishi."

"Mji huu nani si mwandishi? Hata anayekaanga kuku humo ndani ni mwandishi."

"Nimekusikia!" sauti ikatoka dirishani, juu ya moshi wa mafuta. "Nyimbo zangu tatu zimerekodiwa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Harlan akakuna kichwa, chembe za rangi zikamdondokea begani.

"Haya, mwalimu. Mbwa tumfanyeje?"

"Mfiche. Jamaa alie mke kaondoka, alie bia zimekwisha, alie lori limeibwa. Kibwagizo ndo kifungue mlango wa lori tumwone nani yuko kwenye usukani, tena na mke wa jamaa pembeni yake."

Harlan akakijaribu kibwagizo kimoyomoyo. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepigwa na akakubali.

"Bibie, nimehangaika na huyo mbwa wiki nzima. Basi nusu ni yako. Umo chumbani."

"Hiki si chumba, ni foleni."

"Turubai lipo. Panatosha."

Hapo mwanamke naye akacheka, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la watu wa kazi yao. Nashville ina sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo wimbo hutungwa na watu wawili au watatu, mlango umefungwa, kuanzia saa nne asubuhi, na kila aliyekuwamo chumbani wimbo ukizaliwa ni mzazi sawa na wenzake. Hata kama alileta neno moja. Hata kama alichemsha kahawa tu akakaa.

"Naitwa Harlan."

"Maribeth Strickland."

Jina hilo alilijua. Mji mzima ulilijua, na Harlan akajitahidi uso wake usionyeshe. Maribeth alimwona akijitahidi.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Sasa agiza kuku wako, foleni inasogea."

Kisa chake kilikuwa hivi. Miaka hiyo akili mnemba ilikuwa imeshakuwa bingwa wa kila kitu. Ukitaka wimbo wa kumlilia mama yako, uliitajia simu jina lake na chakula alichopenda kupika, na kabla hujafuta chozi la kwanza wimbo uko masikioni, tena kwa sauti ya mwimbaji umpendaye. Kampuni kubwa ziliwaacha waandishi wote. Zikabaki nyumba chache za kizamani zilizonunua nyimbo za watu kwa ajili ya watu wanaotaka kitu cha mkono wa mtu, na kubwa kati yake ilikuwa nyumba ya Cordell. Kila wimbo uliopelekwa kwa Cordell ulikwenda na karatasi iliyotiwa saini na wote waliokuwa chumbani, wakiapa kwamba mashine haikuingia.

Maribeth aliandika miaka tisa na Denise Yarbrough, rafiki yake tangu shule. Ikaja kugundulika kwamba Denise alikuwa akienda msalani na simu na kurudi na mistari. Na Maribeth alikuwa ametia saini kila karatasi. Nyimbo kumi na moja ziliondolewa, Maribeth akaachwa aendelee kwa onyo, na Denise hadi leo anasema hakufanya kitu. Hilo ndilo lililomvunja Maribeth, kwamba alitazamwa machoni na rafiki yake akaambiwa hapana.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia Agosti, Harlan alikuwa anafika kwa Cordell saa tatu na nusu kwa kazi ya saa nne na Maribeth, amenyoa, shati limepigwa pasi. Mwenye nyumba ile aliwapa chumba cha juu chenye piano mbovu na dirisha lisilofunguka, na humo ndani walimmaliza yule mbwa, kisha wakaandika wimbo wa mlevi, huo wakautupa. Walibaki na ule wa bibi kizee anayecheza bahati nasibu kanisani, na kila waliyemwimbia alicheka hadi akashika mbavu. Harlan ndivyo alivyokuwa. Tangu alipotoka Kentucky na gita la kaka yake, hakuwahi kuandika wimbo wa kuliza. Alijua kuchekesha, na kwa kuchekesha alijificha.

Simu zao hazikuwa na mwisho.

"Umekula?"

"Nimekula biskuti na mchuzi. We?"

"Nimekula maneno yako ya jana."

"Harlan, hilo ni baya. Hata mbwa wako hawezi kusema hilo."

"Lakini umetabasamu."

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia. Ukitabasamu herufi zinakuwa pana."

"Mwongo we. Haya, kata simu, nina kazi."

"Kata wewe."

"Wewe ndo umepiga, mpenzi, kata."

Neno mpenzi lilimponyoka, na wote wawili wakalisikia, na hakuna aliyekata.

Harlan alikuwa na miaka thelathini na minane, na alijua anachotaka. Alitaka kumwoa mwanamke huyu. Na kwa kuwa alikuwa mwandishi, na mjinga kidogo kama waandishi wote, akaamua kumposa kwa wimbo. Sasa, wimbo wa kumposa Maribeth angeuandika na nani? Hawezi kumwita Maribeth mwenyewe. Kumwita mtu mwingine ni kumpa mwanamume wa pembeni hisa sawa katika posa yake. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afike mji ule, na ambalo watu wa kazi yake hawalifanyi. Aliandika peke yake.

Aliandika wiki tatu, ndani ya nyumba tupu aliyokuwa akiipaka rangi ng'ambo ya mji, wakati wa chakula cha mchana, kwa penseli, nyuma ya vile vikadi vya kuchagulia rangi. Safari hii hakuchekesha. Aliandika alichokiona. Alikuwa ameona kwamba Maribeth akitoka mahali popote, kwa Cordell, kanisani, hata kwa daktari wa meno, huweka kiganja mlangoni kwa pumzi moja kabla ya kwenda zake. Hakuwahi kumuuliza kwa nini. Alikaa na jambo hilo, akalizungusha, akakata mistari arobaini ili abaki na minne:

*Kila nyumba ukitoka, mlangoni wabandika kiganja,*
*kama mama apimaye homa, mtoto asijue anapimwa.*
*Nami kando ya gari nangoja, neno langu nimelifunga:*
*kuna nyumba moja nakujengea, nyumba usiyoiaga.*

Siku alipoumaliza alikaa sakafuni kati ya makopo ya rangi akalia. Alijua ameandika kitu. Mtu huandika maisha yake yote akingoja kitu kama hicho, na wengi hufa bila kukipata.

Jumapili ile saa tisa alasiri palikuwa na duara la waandishi katika mkahawa mmoja wa mtaa wa mashariki. Duara ni viti vinne katikati ya ukumbi, waandishi wanne wakitazamana na magita, kila mmoja anaimba kwa zamu, na anayeongea mezani anaonyeshwa mlango. Maribeth alikaa mkabala na Harlan, amevaa blauzi ya manjano ya mikono mirefu na hereni za fedha za mama yake. Alimkonyeza. Alidhani unakuja ule wa bibi kizee.

Harlan akaimba "Nyumba Usiyoiaga."

Mhudumu aliyekuwa akimimina chai ya barafu alisimama na jagi hewani. Mzee mmoja mezani alivua kofia. Wimbo ulipokwisha wote wakapiga makofi. Harlan hakuwa na habari nao. Alikuwa akimtazama Maribeth, na Maribeth alikuwa ameweka gita chini, uso umelowa machozi, anatoka.

Alimfuata mpaka kwenye maegesho, mkono mfukoni umeshika pete.

"Mpenzi wangu..."

"Nani alikuwa chumbani?"

"Nini?"

"Nimekuuliza, nani alikuwa chumbani?"

"Hakuna. Nimeandika peke yangu."

"Wewe? Peke yako? Wewe, Harlan, hata orodha ya sokoni huandiki peke yako."

"Ulikuwa wimbo wako, Maribeth. Ningekuitaje uje tuandike posa yako mwenyewe?"

Neno posa lilitoka vibaya, kwenye joto, kati ya magari mawili. Maribeth alilisikia. Lakini hakulishika.

"Ile ya mlango. Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe."

"Hakuna mtu aliyewahi kuona. Mama hajaona! Nimelisema mara moja tu maishani, nilimwandikia dada yangu kwenye simu, wiki tulipouza nyumba ya baba kule Erwin. Nikamwambia nimeuwekea mlango kiganja kama baba alivyokuwa ananipima homa. Homa, Harlan. Neno lilelile."

"Sasa si ndivyo inavyoonekana! Mtu yeyote mwenye macho..."

"Hizi mashine zinasoma simu zetu. Uliitajia jina langu, ikakuletea siri yangu imefungwa utepe."

"Naapa kwa Mungu sijaigusa."

"Denise naye aliapa."

"Mimi si Denise."

"Denise naye alisema yeye si mtu wa hivyo." Akajifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Niletee wimbo wa mbwa, nitaapa mahakamani kwamba ni wako. Huu haufanani na wewe. Huu ni mzuri mno."

Aliingia garini akaondoka. Harlan alibaki amesimama pale, na lile neno la mwisho likiwa limemkaa kifuani. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Harlan alilielewa hilo, kwa hiyo hakukasirika, alitafuta ushahidi. Siku tatu simu haikupokewa. Ya nne ikapokewa.

"Ninavyo vile vikadi," akasema haraka. "Vyote. Vina mistari niliyoikata, vina rangi, kimoja nimekikalia kikakunjika. Nikuletee?"

"Harlan, kuna watu mjini hapa wanauza karatasi za hivyo. Mashine inaandika kwa penseli, inakata, inakosea, inamwagia na kahawa."

"Basi waambie kwa Cordell waukague wimbo."

"Wameshaukagua."

"Wakasemaje?"

Karatasi ikasikika ikikunjuliwa upande wa pili.

"Sabini na moja kwa mia ni mashine," akasema polepole. "Kifaa kinalinganisha na nyimbo zako za zamani. Wanasema huu hauna uhusiano nazo."

"Kwa hiyo mashine ndiyo inaulizwa kama mimi ni mtu."

"Mimi nilikuuliza wewe kwanza," Maribeth akasema, na akakata.

Otis Crenshaw, aliyekuwa akipaka rangi na Harlan miaka mingi, alijaribu kumsaidia. Walikuwa kwenye ngazi mbili, ukuta mmoja.

"Lete hiyo karatasi ya Cordell," Otis akasema. "Ntatia saini kwamba nilikuwepo. Si nyumba ilikuwa hii hii? We sebuleni, mie barazani."

"Ulinisikia nikiandika?"

"Nilisikia redio."

"Basi hukuwepo, Otis. Sitaki uongo. Wimbo wenyewe ni wa kweli, nitauwekea saini ya uongo?"

"Haya, bwana. Mie nilitaka kusaidia."

Harlan akapaka, akapaka, kisha akauliza bila kugeuka. "Lakini wewe unaniamini?"

Otis alichovya brashi, akaikamua ukingoni mwa kopo, akaichovya tena.

"Wimbo ni mzuri sana, Harlan."

"Sijakuuliza hilo."

"Ndilo jibu lenyewe, kaka."

Mwishoni mwa Septemba Maribeth mwenyewe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri.

"Njoo kesho saa nne, kwa Cordell. Ukae mbele yangu uandike. Si lazima uwe kama ule. Uwe ndugu yake tu. Nikiuona ukitoka, nitaamini."

Akaenda. Amevaa lile shati la pasi. Maribeth alikaa kwenye kiti cha piano, magoti pamoja, simu zote mbili wamezifungia kwenye droo, na macho yake yalikuwa kwenye ncha ya penseli ya Harlan. Ikapita saa ya kwanza. Harlan aliandika neno mama, akalikata. Aliandika dirisha. Alikuwa na mambo mia ya kusema juu ya mwanamke huyu, ila kila alipoyasogelea aliyaona kwanza kwa jicho lake yeye Maribeth, likipima, na yakakimbia. Aliandika mstari mmoja mzuri, akaogopa kwamba ni mzuri mno, akauharibu kwa makusudi ili ufanane naye. Kufikia saa saba mchana karatasi ilikuwa na ubeti mmoja wa jogoo mwenye deni la usingizi.

Maribeth aliusoma. Hakucheka.

"Nilitaka sana, Harlan," akasema. "Mungu anajua nilitaka."

Akasimama, akachukua mkoba. Alipofika mlangoni mkono wake ulianza kuinuka, kisha akakumbuka anatazamwa, akaurudisha mfukoni. Harlan aliliona hilo pia. Alikuwa amemwibia hata hilo.

Wiki zilizofuata hakuandika kitu. Lililomtisha zaidi ni kwamba alianza kujishuku. Alikuwa akiendesha gari na ghafla anajiuliza, je, kama niliusikia mahali? Kama mashine iliuimba dukani nikiwa nanunua gundi, ukaniingia, nikadhani umetoka kwangu? Angeweza kujua vipi? Siku hizo nyimbo zilikuwa kila mahali kama vumbi, hakuna aliyejua zimetoka kwa nani wala kama kuna nani. Alivitoa vile vikadi akavisoma, mwandiko ni wake, rangi ni yake, na bado moyo haukutulia.

Oktoba, majani ya miti yamegeuka, simu ikalia akiwa anakunywa kahawa ya asubuhi.

"Umekula?" Maribeth akauliza, kama zamani.

"Bado. We?"

"Bado." Akavuta pumzi. "Harlan, nimechoka. Nakukosa hadi naumwa. Sikiliza. Mimi sijakuchukia kwa sababu ya mashine. Nani hajaitumia? Mchungaji anaandikiwa mahubiri. Kinachoniua ni kwamba unanitazama machoni unakataa. Denise angekiri, leo tungekuwa tunakunywa kahawa pamoja. Nikubalie tu, mpenzi. Neno moja. Likishatoka tutalizika, sitalifukua tena mpaka nakufa."

"Na kama neno hilo si kweli?"

"Basi usije," akasema. "Maana siwezi kuolewa na swali."

Harlan aliweka kikombe chini. Alikaa dakika kumi akitazama mikono yake, kisha akachukua funguo.

Maribeth alikuwa barazani, amejifunga blanketi juu ya sweta la kijivu, miguu mitupu, nywele hazijachanwa. Hakuwahi kuwa mzuri kama asubuhi ile. Harlan alisimama chini ya ngazi na kofia mkononi.

"Ilikuwa mashine," akasema.

Maribeth alifumba macho.

"Uliiambiaje?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Ikambidi atunge. Na ajabu, maneno yalikuja yenyewe, mepesi, moja baada ya jingine, kama hayakuwahi kumkataa.

"Niliiambia jina lako. Nikaiambia nimempata mtu nisiyestahili, na mimi najua kuchekesha tu, sasa niandikie kitu ambacho mtu mwenye akili angemwimbia."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Mara ya kwanza ulitoka hivyo hivyo. Nikaunakili kwenye vile vikadi kwa mkono wangu, nikaukatakata, ili nijisikie umetoka kwangu."

"Uliogopa?"

"Niliogopa kwamba mimi sitoshi."

"Mjinga we," Maribeth akasema, huku analia na kucheka. "Mjinga, mjinga, mjinga. Si ungesema tu siku ile!"

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Harlan asubuhi ile ilikuwa fupi kweli. Zilikuwa ngazi nne kutoka alipokuwa hadi mikononi mwake. Alinukia usingizi na sabuni ya mrujuani. Walishikana hadi blanketi likaanguka.

"Na mimi nikwambie ukweli wangu?" Maribeth akasema shingoni mwake. "Kuna mtu aliurekodi ule wimbo pale mkahawani. Nausikiliza. Kila siku, Harlan. Sijawahi kuonwa vile tangu nizaliwe. Hata baba hakuniona vile. Ndicho kilichoniliza zaidi ya uongo wako. Kwamba anayeniona hivyo si mtu."

Harlan alifungua kinywa. Lilikuwa pale, kwenye ulimi, neno moja tu. Mwanamke alikuwa amelala kifuani pake, amepumua kwa mara ya kwanza katika miezi miwili, na Harlan aliona wazi kwamba akilisema atabaki na wimbo wake, peke yake, barabarani.

Akafunga kinywa.

"Tuufute?" akauliza Maribeth.

"Ufute," Harlan akasema.

Maribeth akaitoa simu kwenye mfuko wa sweta, akaugusa wimbo kwa kidole gumba, ukaondoka. Yeye aliona ni kitu kidogo, akampangusa Harlan machozi akidhani ni ya aibu.

"Sasa nipose," akasema. "Hivi hivi. Bila gita."

"Nioe, Maribeth."

"Nioe! Mtu hasemi hivyo, unasema nikuoe."

"Nikuoe?"

"Ndiyo. Ndiyo, ndiyo." Akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Na sasa niimbie chako. Sasa hivi, kitoke kichwani. Kibaya kadiri unavyoweza."

Harlan alitazama huku na huku. Juu ya pipa la taka la jirani alikuwa amelala paka mmoja mnene wa rangi ya chungwa, tumbo limemwagika pande zote. Akaimba:

*Paka wa jirani kapanda mizani,*
*mizani ikasema, shukeni wawili;*
*akasema niko peke yangu jamani,*
*mwenzangu ni samaki wa jana na wa asubuhi.*

Maribeth alicheka mpaka akaishiwa nguvu, akakaa kwenye ngazi, akamvuta akae naye, machozi yakimtiririka.

"Huyu hapa!" akasema, akimpiga piga kifuani. "Huyu ndiye Harlan wangu. Huyu hata nikiwa kipofu ningemjua. Ni wewe, au si wewe?"

"Ni mimi," Harlan akasema, na akamtungia yule paka ubeti wa pili.